Simba wa Sofia Dhidi ya Kuku Mweupe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Natangaza rasmi, mbele ya shajara hii, mashine ya fotokopi na nzi wanaoishi juu yake, kwamba kuanzia leo mimi Egesa nimejiuzulu mchezo wa kupasua mapovu. Uamuzi ni wangu. Sikusukumwa na mtu.

Sababu: mchezo hauna kumbukumbu. Ijumaa nilipasua mapovu mpaka kidole kikafa ganzi, nikaacha jina langu juu kabisa. Leo nafungua, jina hakuna. Unaniuliza kama mimi ni mchezaji mpya. Mimi! Mpya! Mchezo wa namna hiyo ni wa watoto, na wa maofisa wanaosubiri chai.

Nimehamia ule wa minyoo. Nao ni wa bure, ukivumilia tangazo la sabuni. Unaanza mnyoo mdogo kama uzi, unaokota punje za rangi, unanenepa. Mwenzako ukimzunguka akakosa pa kutokea, unammeza mzima na kompyuta inapiga tarumbeta. Huu una heshima. Kila mchezaji ana bendera ya nchi yake kando ya jina, na orodha ya vigogo iko pale juu, imetulia kama orodha ya mashujaa wa taifa.

Jina langu la vita: Simba wa Sofia. Sofia ndiko kilipo kibanda chetu cha kuchapisha, Busia upande wa Uganda, mahali ambapo ukipiga chafya mtu wa Kenya anakutakia afya.

Wa kwanza kwenye orodha ni mtu anaitwa Kuku Mweupe. Bendera ya Kenya. Sikupenda.

Mukhwana amependa. Huyu ni jirani, anatengeneza simu kibanda cha pili, analala Busia ya ng'ambo na anavuka kila asubuhi kuja kunikera. Akasema, "Buda, huyo ni wetu. Atakunyorosha." Nimemwambia tutaona.

Watu walikuja kuchapisha. Nikawaambia mashine inapata joto.

Karibu nisahau: Jumamosi tunakwenda Mella kujitambulisha kwa kina Joanita. Nitaoa.

Jumanne, 5 Agosti

Maoni kuhusu mchezo wa lori. Aliyeutengeneza hajawahi kufika Malaba. Lori linatoka bandarini, linapita mpaka kama upepo. Hakuna foleni. Hakuna wakala anayekimbia na karatasi mdomoni. Hakuna dereva anayesonga ugali chini ya trela. Mara umefika! Nilimwonyesha dereva halisi aliyekuja kutoa kopi ya leseni. Akautazama. Akaomba aendeshe kidogo. Kumtoa kwenye kiti ilikuwa kazi, alikuwa amefika Kigali na machozi yanamtoka.

Joanita alipiga simu kutoka Tororo, anakoshona nguo. Aliuliza kama nimeacha michezo, maana mama yake ni mtu wa sala na hataki mkwe wa kuchezacheza. Nikajibu kwamba nimejiuzulu. Si uongo. Tazama juu, Jumatatu.

Baadaye alikuja Senge Kevina (senge kwetu ni shangazi), dada wa marehemu baba na mwenye kibanda hiki. Ndiye atakayetuongoza Jumamosi. Amenipa masharti ya mama mkwe. Usimpe mkono. Usimwangalie usoni. Usikae kiti alichokalia. Usile anapokuona. Jina lake usilitaje. Ukimwona anakuja njia hii, wewe kata kwenye mahindi. Nikauliza sasa tutajuana vipi. Akasema yeye na mkwe wake hawajajuana miaka yote hii, na hawajagombana hata siku moja.

Masharti mepesi. Mtu wa kumkwepa ni mmoja, na yuko Mella.

Kuku Mweupe amenimeza. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, akanimeza tena. Halafu akaandika juu ya kichwa chake, maana mchezo unaruhusu maneno machache: "Njoo mtoto, bado nina njaa."

Wakenya!

Jambo moja la kiufundi. Mimi sichezi kwa simu. Simu yangu nikiingia nayo chooni, nyuma ya kibanda, inashika mlingoti wa ng'ambo na kuniandikia "Karibu Kenya." Nikitoka inaniandikia "Karibu Uganda." Nikicheza nayo nitapewa bendera yoyote. Kompyuta ya Senge ina laini ya Uganda na haitangatangi. Uzalendo si jambo la kuachia choo.

Jumatano, 6 Agosti

USHINDI!

Nitaandika kwa utulivu. Nimegundua siri ya Kuku Mweupe. Anacheza asubuhi nzima kama mtu aliyechokozwa, lakini ikifika saa sita mchana anatulia. Anazunguka polepole mahali pamoja, kama kuku aliyepigwa na jua. Halafu anaamka tena. Jana nilidhani ni mtandao. Leo nikamngojea.

Saa sita ikafika. Akatulia. Nikamzunguka taratibu, mzunguko wa kwanza, wa pili, nikakaza. Nikammeza! Yote! Unene wa asubuhi nzima uliingia tumboni mwangu! Tarumbeta ikalia mpaka mama aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akafumba macho, ikabidi turudie picha.

Nikamwandikia: "Rudi bandani ukaatamie mayai."

Jina langu likapanda juu kabisa. Simba wa Sofia, bendera ya Uganda. Nilimwita Mukhwana aone. Akaona. Akasema kumvamia mtu ambaye hasogei ni kama kumpiga mtu anayefunga kamba za viatu. Wivu una lugha nyingi.

Maoni kuhusu mchezo wa upishi, nilioujaribu wakati nikipumzisha jeshi: hauna ukweli. Mteja anakaa kidogo tu anakunja uso, anaondoka. Aje hapa kwa Winfred jirani yetu, anayeuza chapati. Mteja anaagiza, anakwenda kuvuka mpaka, anarudi, anamkuta Winfred anatafuta kiberiti.

Nimebandika maoni haya ukutani, kwa faida ya umma. Mtu ameandika chini yake, "Kopi ziko wapi?"

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Nilikwenda Tororo kujaribu kanzu ya Jumamosi. Joanita alinivalisha, ananipima shingo, pini mdomoni, na huku analalamika. Mama yake hajala tangu jana. Hajapika. Amekaa nyuma ya nyumba na kuku wake, haongei. Krismasi Joanita alimnunulia simu ya kioo ili wawe wanaonana nyuso. Mama hajapiga hata mara moja. Ukimpigia anasema ana kazi. Sasa wamegundua kazi.

Nikauliza kazi gani.

Anakuwa mnyoo, Joanita akasema. Kwenye simu. Anakula minyoo wenzake, tena alikuwa wa kwanza kabisa. Jana saa sita yuko kwenye sala ya Malaika wa Bwana, ameweka simu pembeni kwa heshima, amefumba macho. Anafumbua, kuna mnyama amemmeza. Tena akamtukana! Akamwambia aende akaatamie mayai!

Akanionyesha picha ambayo mama alituma kwa watoto wake wote. Kuku Mweupe. Kando yake, mimi. Chini yake, ujumbe: "Nitafutieni huyu Simba."

Nikasema lakini huyo Kuku ana bendera ya Kenya. Ilinitoka tu. Joanita akanitazama. Akasema Mella simu zote zinashika mlingoti wa Kenya, mimi mtu wa Busia sijui hilo?

Najua! Kila nikienda chooni najua!

Akasema, "Sofia si kwenu? Unamjua?"

Nikasema Sofia ni kubwa.

"Sofia unaimaliza kabla chapati haijapoa, Egesa."

Kaka yake, Phillip, anayeendesha boda kati ya Tororo na Malaba, ameapa kumtafuta. Nikamsifu. Nikasema ndivyo kaka anavyotakiwa kuwa. Kanzu ilikuwa imelowa jasho mpaka Joanita akauliza kama naumwa.

Njiani kurudi nilifikiri. Mtu mwenye akili hakati tamaa. Mpango: nitajitoa sadaka. Nikafungua kompyuta, nikamkuta Kuku Mweupe uwanjani, nikanyoosha moja kwa moja mdomoni kwake. Ale. Ashibe. Tusahau.

Amenikwepa! Nikamfuata, akageuka. Nikajilaza mbele yake kama nguo kwenye kamba. Akapita pembeni, akaandika: "Sili mizoga."

Nimemmeza mama mkwe akisali, na sasa amekataa hata kunila.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nilimuuliza Senge Kevina swali la jumla, kama mtu anayependa mila. Mkwe akimgusa mama mkwe kwa bahati mbaya, inakuwaje? Akasema kuku mmoja, yanaisha. Akimkanyaga? Mbuzi. Na je, kwa mfano tu, akimmeza?

Senge aliweka kikombe chini. Akasema yeye amesikia mengi huku mpakani, hilo bado. Akauliza mama mkwe amepikwa au mbichi.

Nikabadilisha mazungumzo.

Mpango wa pili ulinijia wakati nacheza ule wa shamba. (Maoni: kabichi zinakomaa kabla hujapangusa jembe, na hakuna nyani. Mkulima wa Mukuju akiuona atahamia humo na familia.) Mpango ni huu: Simba wa Sofia si lazima niwe mimi. Simba ni jina. Jina linaweza kuhama.

Nikamwita Mukhwana. Nikamwambia kwamba ninaoa, nakuwa mtu mzima, michezo naiacha. Na kwa kuwa yeye ni rafiki, namwachia urithi. Jina, unene, nafasi ya kwanza, vyote. Nikaingiza kwenye simu yake mwenyewe. Akanitazama kama anayetafuta ndoano kwenye ugali. Akauliza, "Kwani iko na noma gani?" Nikasema hakuna noma, ni mapenzi tu. Sifa zikamlainisha. Nywila sikuibadilisha. Si kwa hila. Uvivu tu.

Kabla ya chai alikuwa ametundika kipande cha boksi mbele ya kibanda chake: SIMBA WA SOFIA, BINGWA. TUNABADILISHA VIOO.

Mchana boda ikasimama. Phillip! Nikainama chini ya meza, nikajifanya natafuta waya. Nikamsikia anauliza huyu Simba ni nani. Nikamsikia Mukhwana anajibu, kifua mbele, kwamba ni yeye, amwambie tu anataka nini. Nikangoja kipigo. Hakikuja. Phillip akasema kwamba mama yake anamwalika kesho Mella, kuna sherehe kidogo nyumbani, aje na simu yake.

Nilimhurumia Mukhwana. Sana. Kiasi cha kushindwa kumaliza chapati ya pili.

Jambo limekwisha. Kesho mama mkwe atamfokea mtu wa Kenya, mimi nitaketi sebuleni na kanzu yangu, nimetulia, macho chini. Ningekuwa serikalini wangenipa wizara.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumerudi. Niandike kabla Senge hajaninyang'anya kalamu.

Tulifika Mella salama. Mimi kanzu na koti. Senge Kevina gomesi ya zambarau. Wazee wetu wawili waliokuja kwa ajili ya heshima na nyama. Tulikaribishwa sebuleni. Msemaji wao alitusalimu, msemaji wetu akajibu, mambo yakaenda kama treni. Mama mkwe hakuonekana, ndivyo inavyotakiwa: yeye alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta. Lakini ukuta wenyewe haujafika kwenye bati. Ukikohoa huku, huko wanakutakia pole.

Chakula kikaja. Sahani yangu niliipekua kwa adabu. Senge naye akaipekua kwa macho. Firigisi hakuna! Firigisi ya kuku ni ya bwana harusi, hata mtoto wa shule anajua. Ndipo nikasikia sauti kutoka jikoni, ya mtu anayetafuna: "Mathe, hii imeiva fiti."

Mukhwana. Amekaa jikoni kwenye kiti, si mkwe wa mtu, hana mwiko wowote. Amepewa mkono. Ametazamwa usoni. Na anakula firigisi yangu! Nikamsikia mama mkwe, sauti nzito ya mtu wa kwaya, akimwambia ale, tena aongeze, maana anataka kummeza akiwa ameshiba.

Hakumwalika kumfokea. Amemwita kwenye mechi.

Habari ikasambaa. Mashangazi wakahamia jikoni. Vijana wakapanda dirishani. Msemaji wao alikuwa katikati ya sentensi kuhusu urafiki wa makabila yetu, akasema samahani, akasimama juu ya kiti achungulie juu ya ukuta. Msemaji wetu akamfuata, na wazee wengine wawili. Walioketi tukabaki mimi, Senge, na sahani.

Mukhwana alimezwa. Kelele. Akaanza upya, akamezwa. Kelele zaidi. Ni fundi mzuri wa vioo, lakini anacheza kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Mimi nikatulia. Macho chini. Hainihusu.

Kisha mama mkwe akacheka. Akasema, "Huyu ndiye Simba? Huyu ni paka ya dukani!" Watu wakaanguka kwa vicheko. Akaongeza, "Kumbe Sofia yote ni ya namna hii?"

Sofia yote.

Kuna mambo mtu anavumilia. Firigisi nilivumilia. Lakini Sofia! Mahali nilipozaliwa! Nilitoa simu, nikaiweka chini ya kanzu, mapajani. Nilitaka kutazama tu. Nikaandika nywila. Simu ya Mukhwana ikatupwa nje, na Simba akawa mikononi mwangu tena, mwembamba, ana aibu, ana bendera ya Kenya maana hata simu yangu kule ilishika Kenya. Nikaiacha bendera. Vita ni vita.

Jikoni nikasikia Mukhwana akipiga kelele, "Mathe, si mimi! Simu imenitoa! Cheki mikono!"

Na mama mkwe: "Basi ni nani huyu anayekuja?"

Alikuwa hasali. Macho yote mawili wazi. Alikuja kwa kasi, nikainama, akarudi, nikamwachia mkia, akauamini. Nikazunguka. Akaona mtego, akapiga kona ambayo sijawahi kuiona kwa mchezaji yeyote, nusura anikate. Nikakaza. Nikammeza.

Kimya jikoni. Kimya dirishani. Kimya mpaka kuku nje wakanyamaza.

Na katika kimya hicho, chini ya kanzu yangu, tarumbeta ikalia.

Ililia yote, mpaka mwisho. Sikujua kitufe cha sauti kiko wapi, maana nilikuwa nimekibana kwa mapaja. Senge Kevina aliitazama kanzu kana kwamba imejifungua. Wazee wanne waligeuka juu ya viti vyao. Mlango wa chumba ukafunguka kidogo, Joanita akachungulia, amependeza, amevaa busuti. Akaniona. Akaufunga mlango taratibu sana.

Mama mkwe hakuweza kutoka, kwa sababu ya mwiko. Alisema kutoka kulekule jikoni. Msemaji wao alirudia kila neno, ingawa tulisikia sote.

Alisema: Jumatano huyu aliniibia nikisali.

"Anasema Jumatano ulimwibia akisali."

Alisema: leo amenishinda, kweli kabisa, nimeona.

"Anakiri umemshinda."

Alisema hana hasira. Lakini kuna tatizo. Huyu akishakuwa mkwe wake, hawatacheza tena, maana mkwe hamezi mama mkwe wala mama mkwe hamezi mkwe. Sasa yeye abaki na aibu hii mpaka kaburini? Hapana. Binti yuko, hajakataa. Mkwe arudi akishamezwa. Safi, bila kujitupa mdomoni kama Alhamisi, maana mzoga anaujua. Siku atakayomezwa, siku hiyohiyo walete ng'ombe.

Msemaji alishusha pumzi. Akasema, "Mmesikia."

Tukafungasha. Mukhwana alipanda gari letu, amebeba chakula kwenye mfuko, amepewa. Njia nzima Senge hakusema neno isipokuwa moja, tulipopita Tororo: mbichi, akasema. Alikuwa mbichi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani niliombewa bila jina.

Joanita alipiga simu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alisema yeye anatafuta mume na mama yake anatafuta mechi; nimpe mama mechi yake ili yeye apate mume wake. Kuna mwanamume mwingine, mwalimu wa Nagongera, ambaye wazee wamekuwa wakimtaja. Hana hata simu ya kioo, akasema, na siku hizi anaanza kuliona hilo kama sifa. Nikaapa. Kushindwa kwa ustadi ni kitu ninachokiweza kuliko mtu yeyote hapa Busia. Akasema hilo halina ubishi.

Nikafanya mazoezi. Nilifungua mchezo wa chesi, ngazi ya watoto wachanga, kusudi nijizoeze kushindwa kwa namna inayoaminika. Nilishindwa haraka. Nilikuwa bado sijaanza kujizoeza.

Maoni: chesi ni mchezo wa polepole, farasi wake hajui kwenda mbele, na malkia ana mamlaka kupita kiasi. Nimeshauzoea mtindo huo nje ya chesi.

Kesho nitamezwa. Nimekata shauri. Nitapigana kiasi, nitachoka kiasi, nitakosea kona moja, basi. Joanita wangu! Ng'ombe watafunguliwa kamba.

Jumatatu, 11 Agosti

Kuku Mweupe aliingia asubuhi, mara baada ya kulisha kuku, nadhani. Bendera ya Kenya. Aliniandikia salamu fupi: "Leo."

Nilianza vizuri sana. Niseme bila kujisifu kwamba sijawahi kuona mtu akishindwa kwa uzuri ule. Nilipigana kiasi. Nilichoka kiasi. Kona yangu ya kukosea ilikuwa pale mbele, naiona, naye anakuja kutoka kushoto, mdomo wazi. Joanita alikuwa hatua moja.

Nyuma yangu Mukhwana, anakula chapati, akasema, "Si nilikushow, buda. Huyo ni wetu."

Kidole kilikwenda chenyewe. Nitaapa mahakamani.

Nimemmeza. Tarumbeta, wateja wakapiga makofi, mmoja akadondosha fomu zake za forodha. Simba wa Sofia juu kabisa, bendera ya Uganda ikipepea kwenye kioo cha Senge! Wa kwanza! Afrika Mashariki yote iko chini yangu, na sehemu ya Brazili.

Nikampigia Joanita, nikamwambia mtandao ulikatika. Akauliza mtandao uliokatika unammezaje mtu. Nikasema ni jambo la kiufundi. Nikamweleza mpango mpya, ambao ni mzuri kuliko yote: nitaanza upya kwa jina la Mkwe Mwema, nitajifunza kucheza vibaya polepole, na Simba atabaki kileleni kama kumbukumbu ya taifa, bila kumdhuru mtu. Simu ilikatika. Huo sasa ulikuwa mtandao kweli, naamini.

Nikamwita Senge Kevina aje aone jina lake, maana Sofia ni yake pia. Nikasema tuichapishe orodha ile kwa rangi, tuitie fremu, tuitundike juu ya mashine. Siku moja wajukuu wataelewa kwa nini harusi ilichelewa. Senge akavaa miwani. Tukangoja mashine ipate joto.

Ilipopata joto, orodha ilikuwa tupu. Hufutwa kila Jumatatu.